Ganzi na kuchomwachomwa baada ya kazi ya shamba: huchukua muda gani kuisha?

Leo siongelei mbolea wala bei za Benaco na Nyakanazi. Naongelea mwili wako wewe unayebeba bomba.

Kuna swali naulizwa sana, na karibu kila mara linakuja mwishoni. Tumeshamaliza mambo ya mbegu, tumeshaagana, mtu ameshawasha pikipiki, ndipo anageuka: "Bwana shamba, hivi hii ganzi ya mikono huwa inaisha baada ya muda gani?" Anauliza kama utani hivi. Lakini ukimwangalia mikono unaona anaikunja na kuikunjua.

Jibu fupi ni kwamba inategemea kilichoileta. Kuna ganzi ya dakika tano, kuna ya siku moja, kuna ya miezi mitatu, na kuna inayochukua mwaka mzima na bado isiishe yote. Shida ni kwamba zote zinaanza kwa kufanana: sindano sindano, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Ukikosea kuitambua, unaweza kukaa nyumbani ukisubiri ipite yenyewe kumbe ni ile isiyotaka kusubiriwa.

Niseme mapema: mimi ni afisa ugani, si daktari. Haya nimeyapata kwenye masomo ya viuatilifu, kwa waganga wa zahanati tunaofanya nao kazi vijijini, na mengine nimeyapata kwenye mwili wangu mwenyewe.

Kijana wa bonde la nyanya

Nianze na kijana mmoja wa upande wa Rulenge. Jina nalihifadhi. Alikuwa na nusu ekari ya nyanya bondeni, za kiangazi, zile zinazolipa. Kantangaze akaingia. Wote mnamjua huyu mdudu. Alipoingia nchini mwaka 2014 alifundisha watu kupiga dawa mara mbili kwa wiki, na wengine hawajaacha mpaka leo.

Huyu kijana akaenda kununua dawa. Hela haikutosha chupa nzima, akapimiwa kwenye chupa ya soda. Hakuna lebo, hakuna jina. Aliambiwa tu "hii ni kali, inaua mpaka mayai." Akapiga kuanzia asubuhi mpaka jua la saa nane. Bomba lake mfuniko ulikuwa unavuja, dawa ikawa inamtiririkia mgongoni. Shati likaloa. Akaona ni jasho na dawa, vyote vitakauka.

Jioni akaanza kutapika, mate yakawa yanamtoka, jasho jingi, kifua kinabana, misuli ya mapaja inarukaruka. Ndugu zake wakamkimbiza hospitali. Walimtibu, akapata nafuu, siku ya nne akarudi nyumbani anatembea mwenyewe. Sisi sote tukasema Mungu mkubwa, yamekwisha.

Siku kama kumi na nne baadaye akanipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Miguu inanikaza ndama, halafu vidole vinachomachoma kama nimekanyaga siafu." Baada ya siku chache nyayo zikafa ganzi, akaanza kuburuta miguu. Ndala zinamvuka njiani hajui. Nyumbani wakaanza kusema ametupiwa kitu, maana alishatibiwa sumu na akapona, sasa hii ya pili imetoka wapi?

Nitarudi kwake. Kwanza tuelewe ganzi yenyewe.

Ganzi ni nini hasa?

Mwilini kuna neva, yaani mishipa ya fahamu. Hizi si mishipa ya damu. Neva ndizo zinazopeleka habari: moto, baridi, maumivu, na amri ya kukunja kidole. Fikiria mpira wa pampu yako ya umwagiliaji.

Mpira ukikanyagwa, maji hayapiti. Ukitoa mguu, yanapita palepale. Hiyo ni ganzi ya kukalia mguu vibaya.

Mpira ukibanwa na jiwe kwa siku nyingi, ukuta wake unaharibika lakini haujakatika. Ukiondoa jiwe, maji yanarudi taratibu. Neva nazo zina ganda la nje, na likichubuka mwili unalitengeneza upya kwa wiki kadhaa, kwa kawaida mpaka wiki 12.

Mpira ukikatika au ukioza kwa ndani, lazima ukue mwingine. Hapa ndipo muda unapokuwa mrefu. Neva inakua karibu milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Piga hesabu: kutoka kiganja cha mkono mpaka ncha ya kidole ni kama sentimita 18, hiyo ni miezi 6. Kutoka goti mpaka unyayo ni kama sentimita 40, hiyo ni zaidi ya mwaka. Hakuna kidonge cha kuifanya ikimbie.

Na jambo moja la kukutia moyo: ganzi ikianza kupona, mara nyingi inarudi kwanza kama kuchomwachomwa. Pale palipokuwa pamekufa kabisa panaanza kuuma na kusisimka. Watu wengi hapo wanaogopa wakidhani hali imekuwa mbaya. Mweleze daktari, lakini usikate tamaa.

Ganzi ya kubanwa: bomba, jembe na kuchuchumaa

Hii ndiyo ya watu wengi. Bomba la lita 16 likijaa, ukijumlisha na uzito wake lenyewe, umebeba karibu kilo 20. Ekari moja ya nyanya zilizokomaa inaweza kula mabomba 12 na zaidi. Mikanda ikiwa myembamba au imefungwa kwa kamba ya katani, inabana neva zinazopita kati ya shingo na bega kuelekea mkononi. Jioni mkono mzima unakuwa mzito, unashindwa hata kuinua kikombe. Askari wanaotembea na mabegi mazito mgongoni hupata tatizo hilihili.

Mimi lilinipata mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na shamba la maharage, nikabeba bomba siku tatu mfululizo kwa sababu nilitaka kuwaonyesha wakulima kwamba bwana shamba si mtu wa kalamu tu. Mkono wa kulia ukapoteza nguvu kwa wiki mbili, na ganzi ya nje ya bega ikachukua karibu miezi miwili kuisha. Nilichofanya ni kuacha kubeba. Basi. Laiti ningeendelea kubeba huku nasubiri ipone, ingekuwa habari nyingine.

Kuna njia rahisi ya kujua neva gani imebanwa. Angalia vidole.

- Dole gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi, hasa usiku, na ukikung'uta mkono unapata nafuu: neva imebanwa kwenye kiganja, pale unapokunja mkono. Ni ya watu wa jembe, panga, kukamua mpini wa bomba, na kuchambua kahawa kwa saa nyingi.
- Kidole cha mwisho na cha pete: neva imebanwa kwenye kiwiko, au chini ya kiganja kwa wanaoshika usukani wa pikipiki masafa marefu. Vijana wa bodaboda wanaolima pia, hii ni yenu.
- Juu ya unyayo na upande wa nje wa mguu, na mguu unashindwa kuinuka mbele: neva inayopita pembeni chini ya goti imebanwa kwa kuchuchumaa muda mrefu. Inawapata wanaopalilia au kuvuna maharage wakiwa wamechuchumaa kutwa nzima.

Muda wa kupona: ikiwa imebanwa saa chache tu, dakika mpaka siku moja au mbili. Ikiwa ni siku nyingi, wiki 2 mpaka 12, kwa sharti kwamba umeacha kinachobana. Ikipita miezi mitatu bila mabadiliko, au ukiona nyama ya chini ya dole gumba inapungua, nenda hospitali. Misuli ikishakonda, kurudi kwake ni kazi.

Uso unachonyota baada ya kupiga dawa

Ya pili ni ile ya usoni. Umemaliza kupiga, saa moja au mbili zinapita, halafu mashavu, midomo na shingo vinaanza kuchonyota na kuwaka moto kama umejipaka pilipili. Ukijiangalia kwenye kioo, ngozi iko kawaida kabisa. Hakuna vipele.

Soma lebo. Ukiona jina la kiambato linaloishia na *-thrin*, kama cypermethrin, lambda-cyhalothrin au deltamethrin, hilo ni kundi la pairethroidi. Dawa hizi zinachokoza neva ndogo za kwenye ngozi palepale zilipogusa. Pamba ya Biharamulo, kabichi, nyanya, maharage, kote huko zinatumika sana.

Muda wa kupona: mara nyingi ndani ya saa 24. Ikizidi sana, siku mbili. Haiachi madhara kwenye neva.

Cha kufanya ni hiki. Osha kwa sabuni na maji ya baridi, usitumie maji ya moto, maana joto linaongeza kuwaka. Usisugue. Kaa kivulini, kwa sababu jua na jasho navyo vinachochea. Ukishaosha na kukausha vizuri, paka mafuta. Yenye vitamini E ndiyo bora, ukikosa hata ya kupikia yanapunguza makali. Lakini sikiliza: kuosha kwanza, mafuta baadaye. Ukipaka mafuta juu ya dawa, unaisaidia kubaki mwilini.

Na ubadili tabia ya kujifuta jasho kwa mkono wenye glavu iliyoloa dawa. Wengi wanaochonyotwa uso hawakurukiwa na dawa. Walijipaka wenyewe.

Dawa zinazoishia na -fos: hapa hakuna kusubiri

Sasa tuje kwenye kundi la hatari. Kwenye lebo utaona profenofos, chlorpyrifos, na wenzao. Wengi majina yao yanaishia na *-fos* au *-phos*, ingawa dimethoate naye ni ndugu yao japo jina limemficha. Hizi ni oganofosfeti. (Glyphosate ya magugu jina linafanana lakini haifanyi kazi hivi kwenye neva, usichanganye.) Na kuna chupa nyingi sokoni zenye mchanganyiko, mfano profenofos pamoja na cypermethrin. Maana yake uso kuchonyota kunaweza kuwa ni kelele ya yule mdogo, huku mkubwa anaingia kimyakimya.

Zinafanyaje kazi? Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima amri ya neva baada ya misuli kuipokea. Dawa hizi zinakifunga. Amri haizimwi. Ndiyo maana mdudu anatetemeka mpaka anakufa, na ndiyo maana mtu aliyeathirika anatoka jasho, mate na machozi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu, tumbo linauma, anaharisha, misuli inarukaruka, kifua kinabana.

Ukiona dalili hizo, usingoje kesho. Mtoe shambani, mvue nguo zote, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu, mpeleke hospitali. Asiendeshe pikipiki mwenyewe. Apakiwe katikati na mtu wa kumshikilia nyuma. Chukua chupa ya dawa au angalau lebo yake. Hospitalini kuna dawa za kumsaidia, ila daktari akijua alichopiga anaokoa muda. Huku Ngara usipite Murgwanza au Rulenge ukitafuta kwa mtu wa mitishamba kwanza.

Kuna mambo mawili kuhusu muda ambayo wengi hawayajui.

La kwanza, mwili unarudisha kile kimeng'enya polepole sana. Kwenye damu, kinarudi karibu asilimia 1 kwa siku. Ikiwa kimeshuka kwa asilimia 30, unahitaji kama mwezi. Sasa wewe unapiga kila baada ya siku tano. Ni kama kikoba: kila wiki unatoa elfu thelathini na unaweka elfu tano. Mwanzoni huoni kitu. Siku moja unapiga dawa ileile, kipimo kilekile, na unaanguka. Halafu watu wanasema dawa ya safari hii ilikuwa feki au kali kupita kiasi. Hapana, akiba yako ndiyo ilikuwa imeisha.

La pili, kuna madhara yanayokuja yakiwa yamechelewa. Kati ya wiki 1 na 3 baada ya mtu kupona sumu kubwa, miguu inaanza kukaza ndama, vidole vinachomwachomwa, ganzi inapanda, nguvu zinapungua, kisha mikono nayo inafuata. Si kila dawa ya kundi hili inafanya hivyo wala si kila mtu anapata. Haitokei mara nyingi, na huja zaidi kwa walioingiwa na sumu nyingi kwa mara moja. Lakini ipo, na dunia imeiona kwa uchungu. Marekani mwaka 1930 makumi ya maelfu ya watu waliburuta miguu baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi kilichochanganywa na kemikali ya jamii hii. Morocco mwaka 1959 watu wapatao 10,000 walipata hali hiyohiyo kwa kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini. Baadhi walirudiwa na hali yao, wengine walibaki na ulemavu.

Turudi kwa kijana wetu

Hicho ndicho daktari alichokishuku kwa yule kijana. Alimuuliza swali moja: "Ulipiga dawa gani?" Kijana akakaa kimya. Hakujua. Mwenye kumpimia naye alipoulizwa akataja jina moja asubuhi na jingine jioni. Chupa ya soda ilishaoshwa na kupelekwa kisimani. Hebu fikiria hilo nalo.

Alipewa mazoezi ya miguu, akaambiwa ajikague nyayo kila jioni kama hazina jeraha, kwa sababu asiyesikia maumivu anaweza kukanyaga msumari na asijue mpaka panuke. Akaambiwa asikaribie dawa za kundi lile tena. Na akaambiwa ukweli kuhusu muda: miezi, si wiki.

Mwezi wa tatu vidole vilianza kuuma usiku. Alilia, mimi nikamwambia ni habari njema. Mwezi wa sita aliacha fimbo. Sasa imepita mwaka na nusu. Anatembea, anapanda pikipiki, lakini vidole vya mguu wa kushoto bado havijui maji ya moto na ya baridi. Nyanya za msimu ule zote ziliishia bondeni, mkopo akaulipa kwa kuuza ng'ombe wa baba yake. Hiyo ndiyo gharama ya kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda.

Ganzi ambazo hazikutoka shambani

Si kila ganzi ya mkulima ni ya dawa. Nyingine unaileta shambani kutoka nyumbani.

*Kisukari.* Ganzi inaanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, inapanda kama soksi. Ukiidhibiti sukari, haiendelei kwa kasi na maumivu huweza kupungua kwa miezi. Ukiiacha, unaweza kupoteza mguu. Pima, hata ukiwa kijana.

*Pombe nyingi na chakula duni.* Gongo na chakula cha aina moja kila siku vinaharibu neva taratibu. Kupona kunaanza siku unapoacha, na huchukua miezi.

*Upungufu wa vitamini B12.* Inapatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Anayekula ndizi na maharage tu mwaka mzima ajiulize. Tiba ikianza mapema, nafuu huonekana ndani ya wiki kadhaa na huendelea mpaka miezi 6 au 12.

*Dawa za kifua kikuu.* Mojawapo inapunguza vitamini B6, ndiyo maana wagonjwa hupewa kidonge cha B6 pamoja nayo. Ukiwa kwenye dozi na miguu inachomwachomwa, usiache dawa. Rudi kliniki useme.

*Ukoma.* Ndiyo, bado upo. Tanzania ilifikia lengo la kuutokomeza kama tatizo la kitaifa mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya hawajaisha. Baka la ngozi lililopauka au jekundu na halisikii ukigusa kwa pamba, nenda hospitali. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Ukiwahi, neva zinaokolewa. Ukichelewa, ganzi inabaki hata vimelea vikiisha.

*Mihogo michungu.* Wengi huuliza hili. Ugonjwa wa konzo, uliowahi kulipuka Tarime mwaka 1985, unatokana na kula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha, huku hakuna maharage wala nyama pembeni. Lakini konzo haileti ganzi. Inakaza miguu ghafla, kwa siku moja au chache, na haiponi. Kwa hiyo kwa konzo jibu la "muda gani" ni kuzuia tu: loweka siku za kutosha, anika vizuri, usifanye haraka kwa sababu njaa au mnunuzi anasubiri.

Kwa ufupi: muda wa kupona

- Kukalia au kuchuchumaa muda mfupi: dakika chache.
- Uso kuchonyota kwa dawa za *-thrin*: saa 24, mpaka siku 2.
- Neva iliyobanwa na mkanda, jembe au kuchuchumaa kutwa: wiki 2 mpaka 12, ukiacha kinachobana.
- Sumu ya *-fos* bila madhara ya neva: dalili huisha kwa siku kadhaa, lakini damu inahitaji mwezi mpaka miezi 3 au 4 kurudi sawa.
- Neva iliyoharibiwa na sumu: miezi 6 mpaka mwaka na zaidi, na huenda isirudi yote.
- Kisukari, pombe, vitamini: miezi, ukitibu chanzo.

Nenda hospitali leoleo ukiona: ganzi ya ghafla upande mmoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito; ganzi inayopanda kutoka miguuni siku hadi siku; ganzi ya makalio na sehemu za siri pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, hasa baada ya kubeba mzigo; kupumua kwa shida; au ganzi yoyote iliyokuja ndani ya wiki tatu tangu kupata sumu ya dawa. Ukiwa mbali na huna wa kumuuliza, namba ya Wizara ya Afya ni 199, kupiga ni bure.

Maziwa na sindano za vitamini

Maziwa hayazuii sumu. Najua mnakunywa nusu lita kabla ya kupiga. Dawa inapita kwenye ngozi ya mgongo na mapaja, maziwa yako tumboni. Hayakutani. Kunywa kwa sababu ni chakula, ila usiyafanye kuwa ovaroli.

Na hizi sindano na vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kwa kila mwenye ganzi: vinasaidia aliyepungukiwa. Usipopungukiwa havikufanyii kitu, na B6 ikizidi kwa miezi mingi yenyewe inaleta ganzi. Umenunua ugonjwa kwa hela yako.

Kabla hujabeba bomba tena

1. Nunua dawa kwenye chupa yake, yenye lebo na usajili wa TPHPA. Angalia rangi chini ya lebo: nyekundu ni hatari zaidi, kisha njano, bluu, na kijani. Kama hela haitoshi, nunueni wawili chupa moja iliyofungwa, msipimiwe.
2. Jaza bomba maji matupu kwanza, libebe, tembea nalo. Likivuja, leo hupigi dawa. Mpira wa mfuniko bei yake haifiki hata tenga la nyanya.
3. Mikanda iwe mipana. Funga kipande cha godoro au gunia lililokunjwa begani.
4. Glavu za mpira, gambuti, suruali nje ya gambuti, shati la mikono mirefu, barakoa, na kitu cha kufunika mgongo. Hata turubai la nailoni chini ya bomba linasaidia.
5. Piga asubuhi au jioni, upepo nyuma yako. Oga ukimaliza, si ukifika nyumbani baada ya kupitia kijiweni.
6. Mpeane zamu. Asiwe mtu mmoja anayepigia mashamba ya kijiji kizima kwa sababu ana bomba. Huyo ndiye akiba yake inaisha kwanza.
7. Punguza kupiga. Kantangaze anakula akiwa ndani ya jani, dawa za kugusa tu hazimfikii. Mitego ya harufu, kung'oa na kuzika majani yaliyoshambuliwa, kubadilisha makundi ya dawa, na kutorudia nyanya bondeni palepale kila msimu vitakupunguzia mabomba mengi.
8. Andika kwenye daftari tarehe, jina la dawa na aliyepiga. Daftari hilohilo unaloandikia mauzo. Siku daktari akiuliza, una jibu.

Yule kijana amerudi bondeni msimu huu. Yeye hapigi tena. Mdogo wake ndiye anabeba bomba, jipya, lisilovuja. Yeye anakaa ukingoni na daftari, na kabla mdogo wake hajaanza anamzunguka mgongoni kupapasa mfuniko kama umekaza. Anatumia mkono, kwa sababu mikono ilirudi sawa.

Tukutane shambani.